Droni Iliyoanguka: Kuitengeneza ama Kuiacha

Yako mas'ala ambayo watu huyaona madogo kwa kuwa kitu chenyewe ni kidogo, na kwa kweli si madogo. Katika hayo ni mas'ala ya ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo watu wote sasa huiita droni, inapoanguka ikavunjika: je, mwenyewe aitengeneze au aiache? Wengi hulijibu swali hili kwa hesabu moja tu. Huuliza fundi ataka kiasi gani, na mpya huuzwa kiasi gani. Gharama ikiwa chini ya nusu hutengeneza, ikizidi huacha. Hesabu hiyo si mbaya, walakini imeanzia katikati. Liko la kuulizwa kabla yake, nalo ndilo aghalabu husahauliwa.

Na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja wa pwani, naye aitwe Zaidi, kama ilivyo ada ya vitabu vya fiqhi na nahau. Zaidi hupiga picha za arusi na za mashindano ya majahazi. Droni yake aliinunua kwa fedha ambayo mama yake aliipata kwa kuuza bangili zake za dhahabu. Siku moja ya upepo wa kusi droni ilikuwa juu ya ufuo; ikayumba, ikapinduka, ikaanguka juu ya paa la nyumba. Mkono wake mmoja umevunjika, rafadha mbili zimekatika, na kamera yaning'inia kwa waya. Mtu hakuumia. Ijumaa ijayo Zaidi ana arusi ya kupiga picha, na sehemu ya ujira ameshaipokea na kuitumia. Fundi amemwambia: "Ilete kesho, jioni utairusha." Zaidi amekwisha kukubali moyoni kabla fundi hajamaliza maneno yake.

Ni kitu gani kilichomfanya akubali upesi hivyo? Si hesabu, kwani bei hajaiuliza. Ni zile bangili. Aona ya kuwa akiiacha droni juu ya paa, basi amemtupia mama yake dhahabu yake juani. Mawazo haya ni ya mtoto mwema, na kwa hiyo ni magumu kuyapinga. Lakini si sahihi. Bangili zilikwenda siku ile zilipotiwa mizanini kwa sonara. Haki ya mama juu ya mwanawe imesimama peke yake, droni iruke au isiruke, na haipungui wala haizidi kwa kutiwa rafadha mpya. Mtu anayetoa fedha ya pili ili fedha ya kwanza isionekane imepotea hakuiokoa ile ya kwanza. Amefanya mbili tu kuwa hatarini badala ya moja. Tena iko na haya, kwani watu wa ufuoni waliiona ikianguka, na kijana ataka waione ikiruka tena. Haya ya namna hii haifai kuwa mshauri.

Lakini isidhaniwe ya kwamba kuitupa ndiyo dini. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kupoteza mali. Na yeye mwenyewe alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake. Mwenye kutupa chombo kizima kwa ufa mmoja amepoteza mali sawasawa na mwenye kumwaga fedha juu ya chombo kilichokufa. Na kwa haki, tabia ya zama hizi imeelemea upande wa kutupa: kioo cha simu kikipasuka, simu nzima huonekana haina thamani. Wazee wa pwani hawakuwa hivyo. Jahazi lilipandishwa pwani, likakalafatiwa, likapakwa sifa na deheni, likarudi majini, mwaka baada ya mwaka, hata wajukuu wakalirithi.

Basi kiraka ni kizuri. Lililobaki ni kutazama kiraka hicho kikifunguka kitamdhuru nani. Kiatu kilichoshonwa vibaya humchoma aliyekivaa, na mara nyingi ndiye aliyekishona. Jahazi lililokalafatiwa vibaya huwadhuru nahodha na abiria, nao walipanda kwa hiari yao na wakamjua mwenye chombo. Droni iliyotengenezwa vibaya haimdhuru mwenyewe, kwani yeye amesimama pembeni na rimoti mkononi. Humwangukia mtoto aliyetoka kutazama arusi, ambaye hakuulizwa, wala hajui kuwa kile anachokifurahia juu ya kichwa chake kilikuwa vipande viwili jana yake.

Na asiyeijua tabia ya chombo hiki ataona maneno haya yamezidishwa, kwa hiyo yafaa ielezwe. Jahazi likivunjika foromali huelea. Ndege kubwa ikizima injini huteleza hewani kwa mbawa zake, na rubani hupata nafasi ya kutafuta pa kutua. Droni za madukani zilizo nyingi hazina mbawa. Zimeshikwa na rafadha nne zinazozunguka, na mota ndogo zikiongozwa kwa hesabu mara nyingi katika kila nukta. Ikisimama moja katika hizo nne, zilizobaki kwa kawaida haziwezi kuiweka sawa: huzunguka, hupinduka, huja chini. Kitu cha gramu 900 kikiachiwa kutoka mita 50, lau si upepo kukizuia kidogo, kingefika ardhini kwa mwendo upatao kilomita 113 kwa saa. Mwaka 2015 katika mji wa Seattle, Marekani, droni iligonga jumba na kuangukia msafara wa watu, ikampiga mwanamke kichwani hata akazimia. Na mwaka 2017 aliyeirusha alihukumiwa kifungo.

Basi swali la kwanza ni hili: droni ilianguka kwa sababu gani? Nalo ni mbali na swali la nini kimevunjika. Mkono uliokatika na rafadha zilizovunjika hizo ni athari za kuanguka, na athari huonekana kwa macho. Sababu yake huenda haimo kabisa katika vile vipande vilivyookotwa. Fundi aliyemwambia Zaidi "jioni utairusha" ameahidi kuondoa athari. Juu ya sababu hakusema neno, wala hakuulizwa.

Liko tukio mashuhuri lenye kuibainisha tofauti hii. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 kampuni ya GoPro ya Marekani ilianza kuuza droni iliyoitwa Karma. Baadhi yake zikawa hukatika nguvu hewani na kuanguka. Hazijatimia wiki tatu sokoni, kampuni ilizirudisha zote, kiasi cha 2,500, na kuwarudishia watu fedha zao. Baadaye ilijulikana ya kuwa ubaya ulikuwa katika kishikizo cha betri: betri ilikuwa ikiachana na mahali pake katikati ya safari. Na lau mwenye moja ya hizo angaliipeleka kwa fundi, akaitia mikono mipya minne na rafadha mpya na kamera mpya, angaliondoka na droni yenye kung'aa, na ingaliweza kuanguka vilevile siku ya pili.

Akisema msemaji: "Sababu itajulikanaje, na chombo hakisemi?" huambiwa: chasema. Droni nyingi huandika safari yake, kama nahodha aandikavyo katika daftari lake, na maandishi hayo hubaki katika simu ya mrushaji au ndani ya chombo chenyewe: urefu wa kwenda juu, nguvu ya betri, mwendo wa mota, na maonyo yaliyotolewa. Ajabu ni kwamba watu hulipia spea kabla ya kulifungua daftari hili ambalo halina bei. Zaidi asema "ni upepo". Huenda ni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu si wakati wa kurusha kitu chepesi. Lakini huenda rafadha ilikuwa na ufa tangu safari iliyopita, naye hakuitazama. Huenda betri ilikuwa kuukuu, ikaporomoka nguvu ghafula. Huenda dira yake ilichanganyikiwa kwa kurushwa karibu na chuma kingi. Huenda kunguru waliivamia, nao ni wajeuri katika miji ya pwani. Neno "upepo" katika kinywa cha mrushaji mara nyingi lina maana ya "si mimi".

Ikidhihiri kuwa sababu ilikuwa nje ya chombo, kama kunguru au waya wa umeme, basi chombo si mgonjwa. Kitiwe kiungo chake kilichovunjika, na hapo ndipo hesabu ya fundi ina mahali pake. Ikiwa sababu ni mrushaji mwenyewe, aliyeipeleka mbali na betri imekwisha, anayetaka kutengenezwa kwanza ni yeye. Ikiwa sababu imo ndani ya chombo na ikapatikana, iondolewe pamoja na athari zake. Lakini isipopatikana, chombo hicho hakikutengenezwa hata kikirudi kama kipya, na mwenyewe hana ruhusa ya kukipitisha juu ya vichwa vya watu kwa kudhani tu.

Yako mawili yasiyotaka mashauri marefu. La kwanza ni betri. Betri za lithiamu zikibonyea, zikitoboka au zikivimba, hazitengenezwi, wala hazifai kuwekwa "tuone". Moto wake waweza kuwaka baada ya saa nyingi, na mwenye kuiweka chini ya kitanda wanapolala watoto amefanya jambo baya kuliko kuanguka kwenyewe. La pili ni maji ya bahari. Iliyozama katika maji ya chumvi ikakaushwa juani huweza kuwaka taa zake na kuruka siku hiyo, nayo chumvi imo ndani yala shaba kidogo kidogo. Kwa watu wa pwani hii ndiyo ajali iliyo nyingi, na ndiyo yenye kudanganya zaidi. Iliyokunywa maji ya bahari, aghalabu kuiacha ndiyo akili.

Akisema msemaji: "Basi na aiuze, apate chochote," huambiwa: kuuza ni halali, lakini aibu na isemwe. Mtume alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini yake kumerowa, alimkemea mwenye kuuza. Wala hapati salama mtu kwa kusema, "Nauza kama ilivyo, nami si juu yangu aibu yoyote." Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi: sharti hilo humwondolea muuzaji aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua tu, basi, na droni si mnyama. Iliyoanguka bila kujulikana sababu, husemwa hivyo kwa maneno wazi, na huuzwa kwa vipande vyake. Kamera iliyo nzima ni mali, na mota zilizo nzima ni mali, na kwa njia hiyo kitu hakikupotea.

Na dhamana isisahauliwe. Mwenye kuharibu mali ya mwenziwe hulipa, akikusudia asikusudie; kukosea humwondolea dhambi, hakumwondolei malipo. Ama aliyerusha naye ajua kuwa hajui kwa nini ilianguka, huyo hata udhuru wa kukosea ni mwembamba kwake. Kando ya hayo iko sheria ya nchi: Kenya imeweka kanuni zake za droni mwaka 2020, na Tanzania nako hutakiwa ruhusa. Ama kuchungulia nyua za watu kwa kamera ya juu, hayo yana mlango wake peke yake, na wengi wa wapiga picha wa arusi wangefaa kuusoma.

Imebaki Ijumaa. Itasemwa: "Zaidi amepokea fedha, na ahadi ni deni." Ni kweli, lakini alichoahidi ni picha za arusi, hakuahidi kuwaning'iniza wageni chini ya hatari wasiyoijua. Amwendee mwenye arusi leo, si Alhamisi usiku, amwambie yaliyotokea. Apige picha kwa kamera ya mkononi, na ujira upunguzwe kwa kadiri ya kilichopungua, au arudishe alichopokea, hata kwa kukopa. Droni na imngoje. Daftari lake lifunguliwe. Na ikiwa sababu imeonekana na gharama yastahili, itengenezwe, kisha ajaribiwe yeye nayo pamoja: maji yakitoka, alfajiri, juu ya mchanga mtupu, kwa urefu usiozidi kimo cha mtu, betri baada ya betri, siku kadha. Isipotulia hapo, jibu amelipata bila ya mtu kuumia.

Na habari ya droni mama yake aambiwe na mwanawe mwenyewe, kabla hajaisikia kwa jirani.

Wallahu aalam.