Mchoro Kama Njia ya Kujua

Mchoraji anayepitia upya michoro ya maisha yake hukabili swali hili: je, alinakili yaliyokwisha kujulikana, au alijua kwa kuchora? Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha sanaa katika chuo cha Makerere, alichunguza mfupa, msuli na manyoya kwa penseli katika vitabu vyake vya mamalia wa Afrika Mashariki, vilivyotoka kati ya 1971 na 1982. Mbega wa Ngurdoto, chini ya Mlima Meru, hupendeza macho ya kila mgeni; anayemchora hulazimika kuuliza manyoya yale marefu meupe yana kazi gani. Hata kuchora kwa malipo hakuharibu ujuzi huo. Mchoraji wa Arusha anayeagizwa twiga kila msimu huzidi kumjua, mradi arudi porini Momela kumtazama.