Heshima kwa Raia: Je, ni Hisani au ni Deni?

Ndugu mmoja aliyeingia katika Uislamu hivi karibuni ametuletea swali linalomsumbua. Diwani wa kata yao ni mchapakazi. Kisima kimechimbwa, na barabara inapitika hata wakati wa masika. Lakini ulimi wake ni mkali. Siku moja mkutanoni mama mmoja mzee alisimama kueleza habari ya shamba lake lililopitiwa na barabara hiyo. Diwani akamkatiza mbele ya watu, akamwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Watu wakacheka. Mama yule akaketi, na neno lake halikusikika tena. Ndugu yetu anauliza: "Mtu akitufanyia kazi, tuna haki gani ya kumdai na maneno mazuri pia? Si afadhali mkali anayejenga kuliko mpole asiyefanya kitu?"

Wengi hulijibu swali hili kwa kusema kwamba adabu ni pambo tu la kiongozi. Mwenye nalo asifiwe, asiye nalo avumiliwe. Sisi twaona kwamba jawabu hilo lina kosa katika msingi wake. Linaichukua heshima kuwa hisani, hali heshima ni deni.

Kurani Tukufu (4:59) inaamuru amana wapewe wanaozistahili, na wanaohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Basi kura ni amana mkononi mwa raia, na cheo ni amana mkononi mwa aliyechaguliwa. Tuseme jirani amekuwekea mbuzi wake, kisha akaja kuuliza habari zake, nawe ukamfokea na kumcheka mbele ya watu. Hata kama mbuzi amenona, je, umeilinda amana ya jirani yako? Hapana, kwa sababu umemfanya mwenye mali aone haya kuuliza habari za mali yake mwenyewe.

Sheria za nchi zetu nazo zimekiri jambo hili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, yasema kwamba mamlaka ya Serikali yatoka kwa wananchi. Ibara ya 73 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaeleza kwamba madaraka ni dhamana ya kuwatumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau, ukamtaka awe mwenye kuheshimu watu. Lakini sheria ya nchi haiwezi kuingia ndani ya moyo wa mtu. Hapo ndipo dini inapoanza kazi yake.

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, alijiwa na kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum r.a., aliyemkatiza kwa swali. Mtume s.a.w. hakumwambia neno lolote baya. Ni uso tu ulioonyesha kutopendezwa, na kipofu hakuweza kuuona. Hata hivyo sura ya 80 yaanza kwa kulitaja jambo hilo, ili umma wote ujifunze kwamba mnyonge mwenye haja hapungui thamani mbele ya mkubwa mwenye cheo. Na Mtume s.a.w. alimheshimu sahaba huyu, hata akamwacha mara kadhaa kuwa naibu wake Madina aliposafiri. Ikiwa uso uliokunjwa mbele ya asiyeona umetajwa katika Kitabu cha Mungu, tusemeje juu ya matusi masikioni mwa anayesikia?

Pengine kiongozi atasema: "Raia wenyewe hawana adabu." Na ajifunze kwa habari iliyomo katika Hadithi Sahihi. Mtu mmoja alimjia Mtume s.a.w. kudai ngamia wake, akasema kwa ukali mno, hata masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume s.a.w. akawakataza, akiwaeleza kwamba mwenye haki anayo nafasi ya kusema. Kisha akaamuru alipwe ngamia aliye bora kuliko wake. Hakungoja mdai ajifunze adabu kwanza ndipo alipwe.

Sasa tuje kwa mkali anayejenga. Saad bin Abi Waqqas r.a. alikuwa sahaba mkubwa, jemadari wa Qadisiya, na mji wa Kufa ulijengwa chini ya uongozi wake. Wanahistoria wanasimulia kwamba makelele ya soko yalimsumbua, akaweka mlango katika nyumba yake ya utawala. Habari ilipomfikia Hadhrat Umar r.a. kwamba mlango ule unamtenga na watu, alimtuma Muhammad bin Maslama r.a. kutoka Madina kwenda kuuchoma moto. Kosa la mlango ule halikuwa kula mali ya umma. Lakini hata mtu aliyejenga mji mzima hakuruhusiwa kujifungia mbali na watu wa mji huo. Jambo hili peke yake latosha kumjibu ndugu yetu.

Tena, ukali huharibu kazi yenyewe. Kurani Tukufu (3:160) inamwambia Mtume s.a.w. kwamba lau angekuwa mkali na mwenye moyo mgumu, watu wangemkimbia. Na aya hiyo hiyo yamwamuru ashauriane nao. Anayewafukuza watu kwa ulimi amejinyima shauri lao. Atajenga barabara, lakini hatajua imepita juu ya shamba la nani. Na tukumbuke kwamba kabla ya kura, mama yule yule aliamkiwa shikamoo mlangoni pake. Ikiwa shikamoo ile imekoma baada ya kura, basi haikuwa heshima, bali ilikuwa bei.

Kwetu Waahmadiyya jambo hili limo ndani ya ahadi yetu. Sharti la nne la Baiat, kama alivyoyatangaza masharti hayo Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., mwaka 1889, latukataza kuwaudhi viumbe vya Mungu kwa mkono au kwa ulimi. Na la saba latutaka tuache kiburi, tuishi kwa unyenyekevu na uso mkunjufu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mbashiri wa Jumuiya yetu, alikuwa Meya wa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1960, kisha akawa Waziri wa Sheria. Masharti yaliyomfunga msikitini ndiyo yaliyomfunga ofisini, maana Baiat haivuliwi mlangoni kama viatu.

Lakini deni hili halimhusu kiongozi peke yake. Nabii Musa na Harun a.s. walipotumwa kwa Firauni, waliamriwa kumwambia maneno laini (20:45). Diwani si Firauni, wala sisi si Manabii. Basi ndugu yetu na amwendee diwani faraghani, amshukuru kwa kisima na barabara, kisha amweleze kwa upole habari ya shamba la mama yule. Na kabla ya kwenda, twamwuliza kwa mapenzi: watu walipocheka siku ile, wewe je? Kurani Tukufu (49:12) imekataza watu kudharau watu, na anayeicheka dharau ameishiriki. Huenda safari ya kwanza ikawa ya kwenda kwa mama mzee kumwomba radhi, na ya pili ndiyo ya kwenda kwa diwani.

Mwenyezi Mungu awape wenye vyeo macho ya kuwaona wanyonge, na atupe sisi sote ndimi zisizomvunjia mtu heshima yake. Amin.