Umefuata Nini Mjini?

Kuna swali linaloupima mji kuliko idadi ya maghorofa yake na urefu wa barabara zake za lami. Mtu akifika katikati ya mji bila haja yoyote, bila fedha mfukoni wala miadi na mtu, anaweza kukaa? Sisemi kupita, maana kupita kila mtu hupita. Nasema kukaa: kuketi kivulini, kutazama watu, kusalimia na kusalimiwa, kisha kuondoka anapotaka mwenyewe. Mimi ni mkazi wa Tanga, na kadiri ninavyouona mji wetu ukianza kujengwa upya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hapo ndipo ilipo maana ya katikati ya mji. Nyumbani mtu hukaa kwa sababu ni kwake. Dukani hukaa kwa sababu ananunua, ofisini kwa sababu ameajiriwa, hospitali kwa sababu anaumwa au anauguza. Lazima pawepo mahali ambapo mtu hakai kwa sababu yoyote ila kwamba naye ni mtu miongoni mwa watu. Mahali hapo pasipokuwapo, tuna majengo mengi yaliyo jirani, lakini mji hatuna.

Tanga inafaa kulifikiria jambo hili sasa hivi, kabla saruji haijakauka. Mji huu ulisimama juu ya bandari, reli na mkonge. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge, na kwa miongo mingi zao hilo ndilo lililolipa mishahara na kujaza maduka ya Market Street. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za katani. Kisha kamba za plastiki zikateka soko, bei ikaanguka, mashamba yaliyotaifishwa mwaka 1967 yakadhoofika, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na mji ukakaa kimya kwa muda mrefu sana. Vijana wetu walipanda basi kwenda Dar es Salaam, wengi hawakurudi.

Sasa mambo yamebadilika. Bandari imeongezwa kina, na meli zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwa matishari. Chongoleani, hapa hapa Tanga, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, safari ya kilomita 1,443. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 273,332 katika jiji. Ya 2022 ikahesabu 393,429. Madalali wa viwanja hawalali. Mimi ni miongoni mwa wanaofurahi. Anayeitamani Tanga iliyosinzia hajapata kuwa na mtoto aliyemaliza shule akakosa kazi. Ninachouliza ni kitu kimoja: tunapojenga, tunamjengea nani ruhusa ya kuwapo?

Tazama varanda za maduka ya zamani pale kati. Orofa ya juu imetokeza mbele, imebebwa na nguzo, na chini yake mpita njia anapata kivuli. Asubuhi fundi anatoa cherehani yake ya miguu, anaitega karibu na nguzo, utepe shingoni, chaki sikioni. Pembeni ameweka stuli ya pili ambayo mara nyingi haikaliwi na mteja. Hukaliwa na mzee anayesubiri adhuhuri, au na mwendesha baiskeli aliyekuja kulalamikia tairi, au na mama aliyetoka Pongwe, pembezoni mwa jiji, kumwona daktari akaambiwa arudi saa nane. Muuza kahawa anapita na dele lake, anagonga vikombe, anaacha harufu ya tangawizi. Mvua za masika zikishuka ghafla, watu wanasogeleana chini ya dari hiyo, na wasiojuana wanaanza kuzungumza, kwanza juu ya mvua, kisha bei ya sukari, kisha watoto. Hakuna aliyewaalika na hakuna anayewafukuza. Mwenye duka naye hajapungukiwa: katika waliojikinga mvua, wawili watatu watanunua kitu.

Mbali kidogo na hapo limesimama jengo jipya la vioo. Ukuta wake umefika mpaka mwisho wa kiwanja. Mlango ni mmoja, ngazi zina vigae vinavyong'aa, na viyoyozi vinapuliza joto lake kwa anayepita nje. Adhuhuri moja nilimwona mzee mmoja akiketi kwenye ngazi ya chini, ameegemea bakora yake. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, alimjia.

"Shikamoo mzee. Umefuata nini?"

"Marahaba mwanangu. Napumzisha miguu tu, jua kali."

"Samahani mzee wangu, hapa hawaruhusu kukaa. Wakikuona nitaulizwa mimi."

Mzee aliinuka, akamshukuru, akaenda zake. Kijana yule simlaumu. Alichokitamka mdomoni kilikwisha kusemwa na mchoro wa jengo. Ukuta usio na kivuli, ngazi isiyo na mahali pa kuketi, mlango mmoja wenye mlinzi, vyote vinamuuliza mtu umefuata nini. Na asiye na jibu la fedha hana jibu.

Wanafalsafa walilijua swali hili zamani. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, alishauri mji uwe na viwanja viwili. Kimoja cha soko, cha kuuzia na kununulia. Kingine alikiita huru, kisichoruhusiwa bidhaa yoyote, ili watu wapate kukaa pamoja kama raia. Hapo aliona mbali: alifahamu kwamba watu wakikutana kwa kununua na kuuza tu, kuna kitu katika utu wao hakipati nafasi. Lakini akaongeza sharti: katika uwanja huo huru asiingie fundi wala mkulima, mpaka aitwe na wakubwa. Yaani aliwaondolea watu ulazima wa kufanya biashara, kisha akawafungia mlango wale wanaoushikilia mji kwa mikono yao.

Kosa hilo halikuzikwa naye. Tanga ya wakoloni iligawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa Raskazone, Wahindi pale kati, Waafrika Ngamiani, kusini ya reli, kwenye barabara za namba. Mwafrika aliyevuka reli alivuka kwa kazi: mpagazi, mpishi, karani, mtumishi. Alikuwa na jibu la umefuata nini, na kazi ikiisha alitakiwa kurudi. Uhuru ulifuta mpaka wa rangi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mpaka unaweza kuondoka kwenye rangi ukahamia kwenye bei, na ukihamia huko ni vigumu kuuona, kwa sababu bei haina uso wa kuilaumu.

Swali la nani aruhusiwe kuwapo lilirudi mwaka 2021, serikali ilipoagiza machinga waondolewe mbele ya maduka na kandokando ya barabara za miji nchi nzima, wapelekwe maeneo yaliyotengwa. Sababu zilizotolewa si za kubeza: njia zilikuwa zimezibwa, wenye maduka waliolipa kodi walikuwa wamefunikwa. Mwenye kiti cha magurudumu naye ana haki ya kupita. Lakini somo tulikuwa nalo tayari. Jengo la Machinga Complex pale Ilala, Dar es Salaam, lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara hao hao, na kwa miaka mingi vizimba vingi vilibaki vitupu. Machinga hafuati paa, anafuata miguu ya watu. Ukimpeleka pasipopitwa, umemwondoa mjini hata kama umempa namba ya kizimba. Utaratibu wa kweli ungempa nafasi yake palepale watu wanapopita, yenye mipaka, mwanga, maji na choo.

Nikidai kwamba majengo mapya nayo yaache varanda, wapo watakaoniambia: kiwanja ni cha mwenyewe, kanunua kwa fedha yake, kwa nini adaiwe kivuli cha watu? Hoja hii ni nzito, na ndiyo kiini cha jambo zima. Jibu langu ni kwamba mwenye kiwanja anadaiwa kweli. Kwa nini kiwanja cha Market Street kina bei kubwa kuliko cha ukubwa uleule huko Pongwe? Udongo ni uleule. Mwenye kiwanja hakuifanya bei hiyo kwa jasho lake. Imefanywa na maelfu ya watu waliopita hapo kwa zaidi ya karne moja: wachuuzi wa samaki, makuli wa bandari, wanafunzi, wagonjwa, wasafiri, na wale waliokuja kutazama tu. Mwanauchumi wa Marekani Henry George alilieleza jambo hili mwaka 1879: thamani ya ardhi ya mjini huzaliwa na jamii nzima, kisha mmoja huivuna. Na sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, inasema ardhi yote ni mali ya umma iliyokabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Kwa hiyo tunapomtaka mwenye jengo aache varanda, hatuombi sadaka. Tunamkumbusha deni kwa wale walioipa ardhi yake thamani. Kuwafukuza mlangoni ni kula mavuno ukamfukuza mkulima.

Wazee wa pwani hawakuhitaji sheria kulielewa hili. Katika Lamu, Mombasa, Pangani na Unguja, mwenye nyumba ya mawe alijenga baraza nje ya ukuta wake, kwa chokaa yake na gharama yake, pakae yeyote. Mlango wa ndani ulikuwa wake na heshima ya ndani ilikuwa yake. Baraza lilikuwa lake pia, lakini alilitoa. Na waliojaliwa zaidi waliweka wakfu kisima au nyumba, mapato yakahudumia watu wasiowajua. Mawazo hayo yanasema kwamba umiliki una nyuso mbili, ule unaotazama ndani na ule unaotazama njia, na kwamba mali isiyo na uso wa pili haijakamilika. Mtu ni watu, na nyumba ya mtu nayo ni hivyo.

Sitaki nieleweke kwamba kila cha kale ni kitakatifu. Majengo mengi ya kati yanavuja, nyaya zake za umeme ni hatari, na wapangaji wake wanastahili afadhali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863, na Tanga ya Wajerumani yote imejengwa baada ya hapo, hivyo hulindwa lile tu lililotangazwa. Nawashukuru watu wa shirika la Urithi Tanga kwa kazi yao ya kuliokoa Boma la zamani likawa makumbusho. Lakini hata pale jengo la zamani linapolazimika kuondoka, varanda haina ulazima wa kuondoka nalo. Nguzo na kivuli vinaweza kujengwa kwa zege ya leo na ghorofa kumi zikakaa juu yake. Mwandishi wa mambo ya miji Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 kwamba mji unahitaji majengo makuukuu kwa sababu kodi yake ni nafuu, na biashara mpya haianzi penye kodi kubwa. Fundi wa varandani ni ushahidi wake. Tukiyabomoa yote kwa mkupuo, tutapata wapangaji wa aina moja tu, wenye matawi kila mji, na kijana wa Ngamiani mwenye wazo lake hatakuwa na pa kuanzia.

Wapo pia wanaosema katikati ya mji waachiwe wanaoishi na kulipa kodi hapo. Mji wetu unajulikana kwa msemo wa waja leo waondoka leo. Mimi nasema hata huyo ajaye leo na kuondoka leo, mkulima wa Muheza aliyeleta machungwa, bibi wa Mkinga aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, ana fungu lake katikati ya mji kwa saa zile anazokuwapo. Yeye ni sehemu ya miguu iliyoipa ardhi bei. Stendi ya mabasi imehamia Kange, mbali na kati, kwa sababu nzuri za msongamano. Basi mgeni huyo apate daladala ya uhakika ya kumfikisha, na akifika apate mti, benchi, maji na choo kisichomdai sarafu.

Haya yote yanawezekana. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa mamlaka za miji uwezo wa kupanga na kuweka masharti ya ujenzi. Halmashauri ya jiji inaweza kuagiza kwamba katika mitaa ya kati kila jengo jipya liache njia yenye kivuli mbele yake, chini pawe na milango ya maduka madogo badala ya ukuta mtupu, na bustani zilizoachwa kwa umma, kama Jamhuri pale juu ya bandari, zisigeuzwe kumbi za kukodi. Lakini halmashauri hailifanyi lisilodaiwa. Mpango ukibandikwa ubaoni twende tukausome, mkutano ukiitwa twende tukaseme, na diwani akija kuomba kura tumuulize kivuli kiko wapi katika mchoro wake.

Swali la kuuliza ni jepesi, na kila mkazi anaweza kulibeba bila kusomea usanifu: hapa, mtu asiye na shilingi wala shughuli, ataweza kuketi? Jibu likiwa ndiyo, tujenge hata ghorofa ishirini, nami nitashangilia. Likiwa hapana, mchoro urudi mezani, kwa kuwa tutakuwa tumetumia thamani iliyoumbwa na wote kuwafungia wote nje.