Kufikiri Baya Si Kuchuria

Mjukuu wangu, nikikuuliza utafanya nini mpango wako ukikwama, usiniambie nachuria. Neno hilo nililisikia kwa baba yako, nikalisikia kwa shangazi zako, nikalisikia kwa wanafunzi wangu waliokuwa wakiingia kwenye mtihani huku wakijua moyoni kwamba sura za mwisho hawakuzigusa. Wote walininyamazisha. Na baya likaja vilevile, halikungoja kutajwa. Nimechoka kuwabembeleza watu baada ya mambo kuharibika, ilhali swali moja la mapema lingewapunguzia kilio. Kwa hiyo leo kaa, unisikilize mpaka mwisho.

Nilipokuwa nafundisha historia nilimpenda Mrumi mmoja, Seneca, mzaliwa wa Córdoba kule Hispania. Usidhani aliandika kuhusu misukosuko akiwa amepumzika kivulini. Mwaka 41 Kaisari Claudius alimfukuzia kwenye kisiwa cha Corsica, akakaa huko miaka minane. Mwaka 49 aliitwa arudi amlee na kumfundisha kijana Nero, akapata mali na madaraka makubwa. Na mwaka 65 Nero huyohuyo akamwamuru ajiue. Miaka yake ya mwisho alikuwa akimwandikia rafiki yake Lucilius barua, na 124 kati ya hizo zimetufikia.

Kuna moja ambayo siisahau. Inamhusu rafiki yao Liberalis, ambaye mji wake, Lugdunum, ndio Lyon ya leo huko Ufaransa, uliteketea kwa usiku mmoja. Liberalis hakuwa mtu legelege. Alikuwa amejizatiti kwa mabaya ambayo watu wameyazoea, lakini moto wa kumaliza mji mzima hakuwahi kuufikiria, kwa kuwa haukuwa na mfano. Seneca anamweleza Lucilius kwamba hapo ndipo pigo lilipopata uzito wake: msiba usiotarajiwa huja na mzigo wake, kisha hukubebesha na mshangao juu yake. Ndiyo maana alitaka akili ya mtu itangulie mbele, iyapitie yote yanayoweza kutokea, si yale tu yaliyozoeleka.

Utaniambia ajali haina kinga. Ni kweli. Liberalis angeweza kuufikiria moto huo kila siku na mji ungeungua tu. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyepoteza kitu na mtu aliyepoteza kitu pamoja na akili zake. Wa kwanza kesho yake ataamka atafute pa kuanzia. Wa pili utamkuta mwezi mzima bado anasema, "Siamini." Nimewaona wengi wa namna hiyo, na baadhi yao walikuwa na uwezo kuliko wewe.

Sasa tuje kwako. Daftari lako la kuku nimelisoma lote. Kuku wa nyama 300, mifuko ya chakula, bei ya kuuzia, faida, mzunguko wa pili, wa tatu, mpaka pikipiki. Hesabu zako ni safi. Lakini ndani ya daftari hilo hafi hata kifaranga mmoja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Zima simu, kaa mahali penye utulivu, uone usiku wa tatu tangu vifaranga waingie bandani. Mvua inanyesha, umeme umekatika, taa za joto zimezimika. Vifaranga wanakimbilia kona moja wapate joto, wanalaliana, wa juu wanawakandamiza wa chini, na asubuhi wewe ni kuokota mizoga. Usigeuze uso. Tazama vizuri kisha ujiulize: jiko la mkaa liko wapi? Mkaa umeshanunuliwa, au ndiyo utautafuta saa nane za usiku? Na kwa nini banda lina kona, wakati ungeweza kuwazungushia duara la hadibodi?

Endelea. Chanjo ya kideri ni siku ya 7, ya Gumboro ni siku ya 14. Siku ya 14 umeitwa msibani kijijini. Nani anabaki anayejua kuipima dawa kwenye maji? Wiki ya tano kuku wako tayari, na yule wa hoteli aliyekuahidi kuwachukua wote hapokei simu. Kila siku wanayobaki wanakula. Utampigia nani wa pili?

Halafu fika mahali pagumu. Wamekufa wote. Mtaji umeisha. Nani anakudai, na utamwambia nini mkeo usiku huo? Mtakula nini mwezi mzima? Seneca alimshauri Lucilius atenge siku chache, hata wakati Roma nzima iko kwenye sherehe za Desemba, ale chakula duni na avae nguo duni, kisha ajiulize kama hili ndilo alilokuwa akiliogopa. Nawe jaribu wiki moja kuishi kwa pesa utakayobaki nayo hasara ikitokea. Ukiona inawezekana, utaingia kwenye biashara bila kutetemeka. Ukiona hasara hiyo itamfikia mama yako na kiwanja chake, basi umeshapata jibu: hati ya kiwanja hicho isiguse mkopo wowote, hata afisa mikopo akuchekee vipi.

Najua vijana mnafundishwa kujiona tayari mmefika. Mwaka 1991 Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, na mwenzake Thomas Wadden walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wakijitahidi kupunguza uzito. Waliokuwa na matarajio ya kufaulu walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wakijipamba kwa ndoto tamu za mwili mpya walipungua kidogo kuliko wenzao. Tumaini lako silitaki liondoke, mjukuu wangu. Ninayoigombeza ni ile starehe ya kula matunda kichwani wakati mche haujapandwa.

Tena yupo Epictetus, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, aliyechechemea mguu, ambaye baadaye alifundisha Nicopolis, Ugiriki. Mfano wake ulikuwa mdogo sana: kwenda kuoga. Kabla ya kutoka, alifundisha, jikumbushe yaliyoko kwenye hamamu ya watu wengi, kurushiana maji, kusukumana, matusi, wizi. Kisha nenda ukiwa na nia mbili: kuoga, na kuulinda utu wako. Ya kwanza watu wanaweza kukuharibia. Ya pili iko mikononi mwako. Nimeufikiria mfano huu miaka mingi, na nauona ndio kiini cha yote. Andika nia yako ya kufuga, halafu andika chini yake ya pili: kwamba faida ije isije, hutadanganya aliyekukopesha, hutamkaripia mkeo kwa sababu ya kuku, na hutajificha ndani.

Jambo moja nalo ulishike. Wewe una tabia ya marehemu bibi yako, kulala macho wazi ukigeuza neno moja mpaka alfajiri. Huko siko ninakokupeleka. Seneca mwenyewe alimkanya Lucilius asiteseke kabla ya wakati, maana mengi tunayoyaogopa hayafiki. Kazi hii ifanye mchana, mara moja kwa wiki, kalamu mkononi. Taja baya, andika utakalofanya, funga daftari, nenda kacheze na watoto. Ukiona hofu inarudi bila kuleta jibu jipya, acha, njoo tuzungumze. Na mtu ambaye hofu imeshamwelemea sitamwagiza afanye hivi peke yake hata siku moja.

Wala usiniletee habari kwamba ni kukosa imani. Nami naomba kila siku, na jina lako limo kwenye dua zangu. Jiko la mkaa halizuii dua kupokelewa.

Niletee daftari Jumapili baada ya chakula, na kurasa za vifo na madeni ziwemo. Nitazisoma zote. Vifaranga usiwaagize kabla ya hapo.