Je, Kusema "Sijui" Ni Uongo?

Mwaka jana nilisema neno moja, "sijui", na mtu akatoa shilingi elfu sitini za Uganda kwa sababu ya neno hilo. Na mimi nilikuwa najua. Tangu siku ile nabishana na nafsi yangu, nikaona ubishi wenyewe niulete hapa, maana sidhani kama niko peke yangu huku Nakivale niliyewahi kulitumia neno hilo namna hiyo.

Habari yenyewe ni ya noti. Wazee wetu walitoka Kongo na vitu vichache, lakini utashangaa ni wangapi bado wana noti za Zaire ndani ya Biblia, au kwenye ule mfuko wa plastiki wa karatasi za usajili. Hazinunui hata chumvi. Ila kuna watu duniani wanaokusanya pesa za zamani, na kati yao wako wanaotafuta zile tu zilizokosewa kiwandani. Kwao noti yenye kosa la kweli la chapa inaweza kushinda bei ya nzima mara nyingi. Iliyoharibika baada ya kutoka kiwandani, hiyo inashuka bei. Shida ni kwamba kosa na uharibifu vinafanana sura.

Mimi nilijifunza kuvitofautisha kwa ajili ya vijana wa kikundi chetu. Tulikuwa na vipindi vya kuweka akiba, vinachosha kweli, nikaleta noti za zamani na lenzi ndogo ili wasisinzie. Walipenda. Noti haichapwi kwa pigo moja. Kwa kawaida rangi na mistari ya chini hutangulia, halafu picha kubwa yenye wino ulioinuka (pitisha ukucha utausikia), halafu namba. Mwishoni karatasi kubwa inakatwa kuwa noti moja moja. Kwa hiyo kosa la kweli lina mahali pake katika huo mpangilio, na swali la kuuliza ni moja: kipi kilitangulia?

Mfano niliowapa ni wa dola 20 ya Marekani, toleo la 1996, iliyotoka kiwandani na stika ya ndizi ya Del Monte. Ndiyo, jina lile lile la mananasi ya Thika kule Kenya. Stika iliangukia karatasi wakati picha imeshachapwa lakini namba na muhuri bado. Kwa hiyo muhuri na namba vimepita juu ya stika. Mwanafunzi mmoja wa Ohio aliitoa noti hiyo kwenye mashine ya benki mwaka 2004, na mwaka 2021 ikauzwa mnadani kwa dola 396,000. Sasa wewe chukua dola 20 yako, bandika stika ya ndizi leo jioni. Una dola 20 yenye uchafu. Tofauti ya hizo pesa zote ni wino kuwa juu ya stika au chini yake.

Vijana walicheka sana. Mmoja hakucheka, alikuwa anahesabu.

Wiki mbili baadaye huyo mmoja akaniletea noti ya zaire kumi, ile ya kijani ya 1985, isiyo na namba. Pale palipotakiwa kuwa na namba palikuwa patupu. Kama mashine ilisahau namba, hilo ni kosa kubwa, wakusanyaji wanalipenda. Usiku nikaiangalia kwa lenzi na tochi ya simu, nikaiinamisha ili mwanga upite ubavuni. Karatasi pale ilikuwa imesimama nyuzi nyuzi, kama kitambaa kilichosuguliwa. Na ile mistari myembamba ya chini ilikuwa imefifia sehemu ile tu. Mashine ikisahau namba, mistari ya chini inabaki mizima, maana ilichapwa kabla. Kifutio hakichagui, kinatoa namba na kilicho chini yake.

Nikamwambia, "Umefuta." Hakukataa. Akasema, "Kaka, karatasi si ni ile ile? Muzungu anataka kufurahi, atafurahi. Miye nitalipa minerval. Sasa nani ameumia?"

Kesho yake mgeni, mkusanyaji kweli, alikuwa hapo kutembelea, na mkalimani nilikuwa mimi. Akaigeuza noti, akaniuliza kama naona ni kosa la chapa. Kijana ananitazama. Nikasema sijui.

Kwanza nilijitetea kwamba lile ni neno la unyenyekevu. Mimi si mtaalamu, nimesoma mpaka sekondari tu. Lakini usiku nilikuwa na lenzi mkononi, kwa hiyo utetezi huo ulikufa mapema. Mtu aliyeangalia na kuona, akisema "sijui", ameuvalisha uongo nguo ya kanisani.

Utetezi wa pili ni mgumu zaidi, na ni wa kijana mwenyewe. Aliniambia tukirudi: unakumbuka makambisti wa kwetu? Wote tunakumbuka. Kongo dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, inakataliwa, au unakatwa. Franga zenyewe zinazunguka zimechakaa kama majani ya mihogo, hakuna anayeuliza. Na huko Marekani ilikotoka, hata noti iliyokatika inalipwa yote, mradi imebaki zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo, anasema kijana, uharibifu umetugharimu sisi kila mara, kwa sheria ambazo hatukuziweka. Mara hii moja uharibifu umetulipa. Kwa nini nilie?

Sikuwa na jibu siku ile. Nilikumbuka hata ile noti ya zaire milioni tano. Mwanzoni mwa 1993 wafanyabiashara wa Kinshasa waliikataa, na wanajeshi waliolipwa nayo wakaasi. Noti ilikuwa nzima kabisa, imechapwa vizuri. Kama pesa yenyewe ni makubaliano tu, namba iliyofutwa ina uzito gani?

Lakini kambisti, pamoja na ukatili wake, ananionyesha mpasuko. Anaweka kidole pale, anasema hapa pamepasuka, nakupa themanini. Naweza kukataa, naweza kwenda kwa mwenzake. Bei yake ni mbaya ila naiona yote. Mgeni wetu hakuwa na pa kukataa, kwa sababu kitu alichokuwa ananunua hakikuwa karatasi. Alikuwa ananunua habari ya kipi kilitangulia. Mimi na kijana tulikuwa nayo hiyo habari, tukamuuzia mfuko wake mtupu.

Na ukiniuliza mimi, uharibifu si aibu. Noti iliyovuka ziwa ndani ya soksi ya mtu naipenda kuliko ya kiwandani yenye kosa. Ingeuzwa kama ilivyo, ya zamani na imechakaa, ingeleta elfu chache. Sitini isingeleta. Hapo ndipo penye uchungu, na sitaki kuuficha: elfu sitini zililipa muhula wa mtoto, na bila "sijui" yangu asingesoma muhula ule.

Mgeni aliligundua alipofika Kampala. Aliniandikia bila hasira, akasema amejifunza. Nikamjibu kwamba nilijua tangu usiku wa kabla. Hakuandika tena mpaka nilipomtafuta mimi, kwa ajili ya mzee mmoja jirani yetu.

Mzee huyo ana noti ya Zaire iliyokunjika kona kabla ya kuchapwa. Ukiifungua, kuna pembe ya karatasi imezidi ukingo, na kipande cheupe ambapo wino haukufika. Ukigeuza ile pembe, unakuta mchoro uliokosekana umechapwa upande wa nyuma. Ikunje tena kwenye mkunjo wake wa zamani, mchoro unaungana mstari kwa mstari. Mkasi hauwezi kufanya hivyo, wala kifutio. Nilituma picha sita. Alijibu siku ya pili, kwa upole, kwamba kwa sasa hanunui vitu kutoka kwetu.

Kila mwezi naweka elfu kumi pembeni. Zikifika sitini nitamtumia, ingawa kijana anasema mimi ni mjinga na mgeni hazihitaji. Labda hazihitaji kweli.

Mzee nilimweleza yote, na sehemu yangu pia. Alinyamaza muda. Kisha akaikunja noti pale pale ilipokunjikia, akaniuliza kama mtu wa elfu sitini alikuwa yule kijana wa mama muuza mandazi. Nikakubali. Akasema, "Basi alisoma," akairudisha kwenye Zaburi.