Neno "Tosha" na Maadili ya Ushawishi

Kiini cha hotuba aliyoitoa Raila Odinga katika uwanja wa Uhuru Park, Nairobi, tarehe 14 Oktoba 2002, ni maneno mawili tu: "Kibaki Tosha". Mara nyingi husifiwa kwa ufupi wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini huliacha kando suala la kimaadili: je, ni halali msemaji kuushawishi umati juu ya jambo ambalo wenzake wa kisiasa walikuwa bado hawajalikata?

Kisarufi, kitenzi kimevuliwa viambishi vya nafsi na wakati. Kiswahili sanifu kingedai "anatosha", na hapo msikilizaji angeweza kuuliza: anatosha kwa nani, kwa kipimo gani? Ulipobaki mzizi mtupu, kauli ilikaa baina ya taarifa na amri, na aliyepima akatoweka. Tena kutosha si kuwa bora. Ni dai dogo, na dai dogo ni gumu kukanushwa. Kanusho lake, "hatoshi", lingesikika kama tusi.

Hata hivyo, nguvu haikuwa katika neno peke yake. Raila aligombea urais mwaka 1997, hivyo kumtaja mwingine kulikuwa kujinyima. Hulka ya msemaji, ambayo Aristotle aliiona kuwa pengine ndiyo nguzo kuu ya ushawishi, ilifanya hapa kazi ya hoja.

Lakini alichokitoa hakikuwa chake pekee. Kina George Saitoti na Kalonzo Musyoka walikuwa wameasi KANU kwa sababu Rais Moi alimchagua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi bila ushindani wa haki. Sasa uamuzi mwingine ulipita kwa shangwe, ambayo si kura. Kwamba Kibaki alishinda Desemba hiyo hakujibu swali hilo, ingawa wengi hudhani kulijibu.

Kejeli yake ilionekana baadaye. Kabla ya uchaguzi wa 2022, wafuasi wa Kalonzo, mzaliwa wa Tseikuru, Kitui, walimdai Raila alitamke neno lile lile kwa ajili ya mtu wao, aliyekuwa mgombea mwenza wake mwaka 2013 na 2017. Dai lenyewe liliidhoofisha balagha yake: tamko lililovutia kwa kuwa zawadi isiyoombwa lilikuwa limegeuka deni. Halikutamkwa, na Kalonzo, baada ya kutangaza kuwa angegombea mwenyewe, alirudi kumuunga mkono Raila.