Mzee Anastaki



Leo tuongee kuhusu gemu. Usishtuke, frateri naye alikuwa mtoto. Utoto wangu mwingi uliishia kwenye kibanda kimoja cha mabati hapa Segese, chenye PlayStation 2 mbili na benchi la mbao. Mechi moja shilingi mia mbili. Na kilichotufurahisha kuliko hata goli ni pale mchezaji anapoharibika. Mnajua ninachosema: beki anaanguka, mguu wake unapita katikati ya tumbo la mwenzake, shingo inageukia mgongoni, kipa anateleza akiwa wima kama anavutwa kwa kamba. Kibanda kizima kinalipuka. "Anastaki huyo! Anastaki!"

Kwa asiyejua, mhusika wa gemu ametengenezwa kwa mifupa isiyoonekana, halafu juu yake ikavalishwa ngozi. Mafundi huandaa mienendo yake, kukimbia, kuruka, kuanguka, na kompyuta inaunga mwendo mmoja na mwingine. Ikishindwa kuunga vizuri, mfupa unakwenda kusikotakiwa na ngozi inaufuata hukohuko. Ikikosa mwendo kabisa, mhusika anarudi kwenye mkao aliochorwa nao mwanzo: wima, mikono imenyooshwa pande mbili. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, watu walinaswa kwenye video wakiwa kwenye mkao huo, mfano wa msalaba, hata juu ya pikipiki inayokimbia. Assassin's Creed Unity ya 2014 ilitia fora: uso ulikosa ngozi, yakabaki macho na meno yanaelea hewani. Na nyie wa PES bado mnaikumbuka eFootball 2022, iliyotoka Septemba 2021 na nyuso za ajabu mpaka Konami wakaomba radhi.

Kucheka vitu hivi ni dhambi? Hapana jamani. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba akili inachoka kama mwili unavyochoka, na mchezo wenye kiasi ndiyo mapumziko yake. Kwake kujua kucheza vizuri ni fadhila. Ningeweza kuishia hapo, kila mtu akarudi kwenye simu yake akiwa na amani.

Tatizo ni kwamba mwaka wa pili wa falsafa nilikutana na Henri Bergson, Mfaransa aliyeandika kitabu kizima kuhusu kicheko mwaka 1900. Anasema tunacheka pale chenye uhai kinapofanana na mashine. Halafu anaongeza kwamba ili ucheke, lazima moyo ufe ganzi kidogo, kwa sababu ukimwonea mtu huruma kicheko kinakatika. Nilifunga kitabu. Nilikuwa nimemkumbuka mzee mmoja.

Huyu mzee alikuwa anapita mbele ya kibanda chetu kila jioni. Mikono yake inatetemeka, kichwa kinacheza, mguu mmoja unatangulia halafu unasita kama umesahau kilichofuata. Siku moja, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa nimefungwa tano bila na wenzangu wananizomea. Nikatafuta pa kuwageuzia macho. Nikamnyooshea yule mzee kidole, nikasema, "Oneni, mzee anastaki!" Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Nilijisikia mkubwa sana.

Nimerudi likizo mwaka huu nikakuta jina bado lipo. Watoto ambao siku ile hata hawajazaliwa wanamwita Mzee Staki. Muuza duka anamwita hivyo. Yeye mwenyewe anaitikia.

Sasa tofauti iko wapi, kama kwa macho mambo yote mawili yanafanana? Thomas anasema roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Haikai ndani yake kama dereva ndani ya gari. Kwenye gemu, ukivua ngozi unakuta mifupa, na nyuma ya mifupa ni hesabu. Hakuna mtu wa kuumia. Kwa mzee, ule mkono unaotetemeka ni yeye mzima, mpaka kwenye ncha ya kidole. Hakuna sehemu yake ambayo ni "hitilafu" unayoweza kuicheka ukamwacha yeye pembeni. Thomas huyohuyo anapozungumzia dhihaka ni mkali kweli: kulifanya baya kubwa la mtu kuwa mzaha ni kumwona hafai kiasi kwamba hata shida yake haistahili kuchukuliwa kama shida. Hilo analiita dhambi ya mauti. Na mimi nilikuwa nimepata kipaimara mwaka uleule, tena kwa mbwembwe.

Jumapili iliyopita nilihudumu Misa kigangoni. Yule mzee alikuja kukomunika, nikamshikia patena chini ya kidevu. Kichwa kikawa kinacheza, padre anasubiri, na nyuma yangu nikasikia watoto wa kwaya wanabana kicheko. Nilikijua kile kicheko.

Kwenye Injili ya Marko, sura ya 9, kuna kijana anayeangushwa chini na kutoa povu mbele ya umati. Kabla ya kumponya, Yesu anamgeukia baba yake na kumuuliza hali hiyo imeanza lini. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuliona hilo swali.

Jioni nikaenda kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, frateri. Karibu."

Nikamuuliza imeanza lini. Akaniambia habari za karasha, za kuchanganya mchanga na zebaki kwenye beseni kwa mikono mitupu, halafu kuichoma juu ya mkaa ili ibaki dhahabu. Miaka mingi, tena walichomea chumbani, mlango umefungwa, watu wasijue umepata. Moshi wa zebaki unashambulia mishipa ya fahamu, na kutetemeka ni moja ya dalili zake. Yeye alidhani amerogwa.

Kisha akaniuliza, "Wewe umesoma. Hili jina la Staki maana yake nini?"

Nikamweleza. Na nikamwambia nani alilianzisha. Nilikuwa naangalia chini.

Alikaa kimya muda mrefu. "Kwenye hiyo gemu," akasema, "mtu wenu akistaki mnamfanyaje?"

"Tunaizima tu, babu. Tunaiwasha upya."

Akacheka peke yake, mabega yakitikisika. Mimi nilishindwa. Akanisogezea kikombe cha chai.

"Haya, niwekee sukari. Nikiweka mimi inamwagika yote."